Kidole cha Mwenyekiti

Kwa niaba ya Kamati ya Mteremko wa Sukari, Kanda ya Mikindani, ninayo heshima kubwa kuwatangazia wananchi wote, wazima kwa wagonjwa, kwamba katika mwaka 2004 sukari ya watu wetu ilishuka kuliko bei ya korosho. Na bei ya korosho, mkulima yeyote wa Mahurunga atakuambia, ikianza kushuka haishikwi mkono.

Mimi ndiye Afisa Uhamasishaji wa Kamati hiyo. Jina langu Idrisa. Ushairi sikufundishwa na mtu. Niliukuta umelala, nikauamsha. Nalisema hili si kwa majivuno bali kwa kuweka kumbukumbu sawa, maana Mwenyekiti aliniajiri kwa ushairi huo, akawaacha vijana wawili wenye vyeti vya afya. "Vyeti havina vina," alisema, na hapo hapo nikajua nimepata kiongozi mwenye upeo.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Wafadhili wetu wa nje waligundua kwamba mgonjwa maskini wa kisukari hafuati masharti kwa sababu hana motisha. Sisi tulidhani ni kwa sababu hana hela. Wataalamu wakatufafanulia kwamba ni kitu kilekile, ila motisha huja na semina.

Basi ikawa hivi. Mwanzo wa kila robo mwaka mgonjwa anachomwa kidole, mashine inasoma sukari yake, inaandikwa. Mwisho wa robo anachomwa tena. Kila pointi iliyoshuka, analipwa. Na kwa kuwa mteremko hauji wenyewe bila kusimamiwa, kila alipolipwa mgonjwa, wasimamizi nao walipata chao, jina lake motisha ya uwezeshaji. Hapo ndipo wajumbe wa Kamati walipoanza kuwapenda wagonjwa kwa dhati.

Kanuni zilitungwa katika semina elekezi ya siku tatu, hotelini, Mtwara mjini. Kifungu cha Saba kiliandikwa siku ya mwisho, baada ya pilau, kwa mkono wa Mwenyekiti mwenyewe, Bwana Josephu, Mngoni wa Songea, mtu mrefu mwenye sauti ya kengele. Kinasema: "Mshiriki yeyote, awe mgonjwa au msimamizi, ambaye kwa robo mbili mfululizo hataonyesha kushuka, atahesabiwa kuwa mzigo kwa mpango, na atafutwa rasmi katika Siku ya Mteremko pamoja na stahili zake zote." Maneno "awe mgonjwa au msimamizi" aliyaongeza kwa ajili ya usawa. Tulipiga makofi. Usawa ulikuwa unapendwa sana na wafadhili mwaka ule.

Stahili za mgonjwa ni dawa kutoka kwenye friji ya mpango. Stahili za msimamizi ni posho na kiti. Stahili za Mwenyekiti ni posho, kiti, na gari.

Nilipewa kazi ya kuzipeleka kanuni kwa wananchi kwa lugha nyepesi. Nikatunga, nikasimama sokoni na kipaza sauti:

Ndugu zangu sikieni, sukari ikishushika,
Motisha i mkononi, hapohapo utashika.
Asoshuka ni mhuni, jina lake lafutika,
Shukeni, nanyi shukeni, Kamati itaridhika.

Watu walishangilia. Mama mmoja aliuliza kama Kamati inaweza pia kushusha bei ya sabuni. Nikamjibu kwamba hilo liko nje ya hadidu zetu za rejea.

Robo ya kwanza, sina budi kusema ukweli, mwitikio haukuridhisha. Watu walishuka pointi moja, moja na nusu, wengine walibaki walipokuwa. Kamati ilikaa vikao kujadili uzembe huu, na wajumbe walikunywa soda nyingi kwa uchungu.

Aliyetuokoa ni Mzee Sudi, Mmakonde wa Mahurunga, mkulima wa mpunga anayekaa Mikindani kwa binti yake tangu macho yalipoanza kumletea ukungu. Alinijia ofisini, akaegesha baiskeli yake, akakaa bila kukaribishwa.

"Afisa," akasema, "hii npango yenu si kama Ramadhani tu?"

"Kivipi, mzee?"

"Kuna kufunga. Kuna Idi, siku ya nshiko. Sasa nyie nkasahau kitu kimoja. Vunja jungu iko wapi?"

Kwa msomaji asiye wa pwani nieleze. Siku ya mwisho kabla ya kuanza mfungo, Mwislamu wa huku hula kila alichonacho na vingine vya jirani, ili njaa imkute ameshiba. Ndiyo vunja jungu. Mzee Sudi alikuwa ameona kwa akili yake kwamba mtu akivunja jungu siku moja kabla ya kipimo cha mwanzo, akafunga siku chache kabla ya kipimo cha mwisho, mteremko utakaopatikana kati ya siku hizo mbili utakuwa wa kihistoria.

Nililipeleka wazo hilo kwa Mwenyekiti nikidhani atakasirika. Alisimama, akatazama nje dirishani. "Idrisa," akasema, "huu ni umiliki wa jamii. Wafadhili wanautafuta dunia nzima. Sisi umetujia kwa baiskeli."

Kuanzia robo ya pili Mikindani ilikuwa na sikukuu mpya. Siku moja kabla ya kipimo cha mwanzo, wagonjwa wa sukari walikaa barazani mchana kutwa wakila halua ya Mohsinali, mwenye duka mkabala na boma la zamani, na visheti, na kashata, na chai ambayo kijiko kilisimama wima ndani yake. Mohsinali alikuwa mtu wa huruma. Wenye kisukari aliwapunguzia bei. "Hawa ndiyo wateja wangu wa kudumu," aliniambia, "Mungu awape umri."

Asubuhi yake Nesi Yustina alichoma vidole na uso umemkunjamana. Nesi Yustina alikuwa mtaalamu wetu pekee wa afya, na kwa sababu hiyo hakuwa mjumbe wa Kamati. Namba zilikuwa kubwa ajabu. Kisha mwisho wa robo watu walikula mlenda na kisamvu siku tatu, wakaja wamelegea kama nguo iliyolowa, namba zikaanguka, malipo yakatoka, na jioni ile Mohsinali akauza halua upya.

Zipo changamoto ndogondogo. Katika vunja jungu ya Julai Mzee Sudi alizimia na kijiko mkononi. Alibebwa kwenye keria ya baiskeli yake mwenyewe hadi hospitali, mashine ikashindwa kumsoma, sukari ilikuwa imepita mwisho wa hesabu yake. Alilala hoi kwa siku mbili. Alipofumbua macho aliniona, akauliza kwa sauti ya chini:

"Imeandikwa?"

"Imeandikwa, mzee."

Akafumba macho tena, ameridhika. Katika taarifa yetu kwa wafadhili tukio hilo lilitajwa chini ya kichwa Mafanikio.

Sasa nifike kwa yule aliyetuharibia sura. Naye ni Bi Nuru.

Bi Nuru ni mjane, Myao wa Masasi aliyeolewa Mikindani, mwenye kisukari tangu mtoto wake wa mwisho akiwa mgongoni. Anajichoma sindano asubuhi na jioni. Friji hana, hivyo kichupa chake cha insulini hukifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kukitia kwenye mtungi wa maji, palipo na baridi kuliko ofisi ya Mwenyekiti. Hula ugali wa muhogo wa kipimo cha ngumi yake, na kisamvu, na samaki akipatikana, kisha huenda shamba kwa miguu. Januari alipimwa sita. Machi, sita. Aprili, tano na nusu. Juni, sita. Yaani mwanamke huyu alikaa palepale kama jiwe la kusagia, huku wenzake wakipanda na kushuka kwa ajili ya maendeleo ya kanda.

Robo mbili mfululizo hakuonyesha kushuka. Kifungu cha Saba kikamkamata. Nikatumwa kumpa onyo.

"Hodi."

"Karibu, Afisa. Umekuja na shairi au umekuja na habari?"

"Nimekuja na habari, Bi Nuru."

"Basi ni mbaya. Kaa."

Alikuwa akimenya muhogo. Nikamsomea barua. Alisikiliza hadi mwisho bila kusimamisha kisu.

"Yaani Septemba, kwenye sherehe yenu, mnanifuta."

"Si sisi. Ni kifungu."

"Na dawa yangu?"

"Dawa ni stahili ya mshiriki, mama. Ukifutwa..."

"Kichupa kimoja cha dawa hii dukani ni bei ya beberu, mwanangu. Mimi sina beberu. Hata angekuwapo, ningemuuza mwezi huu, na mwezi ujao ningemuuza nani? Wewe?"

Nikaona nimpe msaada wa kitaalamu. "Njia ipo. Kifungu cha Nane kinasema aliyefutwa aweza kuandikishwa upya siku hiyohiyo, iwapo kipimo chake hakipungui kumi. Nenda kwa Mohsinali. Kula halua kidogo. Ufike kumi, basi. Kwa ajili ya takwimu."

Aliweka kisu chini. Hapo ndipo nilipoogopa.

"Nipande kwanza ndiyo nishuke? Mimi mkwezi?"

"Ni utaratibu tu, Bi Nuru."

"Mdogo wangu Zawadi alikuwa mtu wa utaratibu. Kila harusi alikula, asije akaonekana anaringa. Leo mguu wake mmoja uko kaburini, unamsubiri mwenyewe. Wewe, Idrisa, mwana wa Likombe, mama yako nilimzalisha kwa mikono hii, unakuja nyumbani kwangu kuniambia nile halua?"

Nilijitetea kwamba mimi ni mtekelezaji. Akaniambia hata panya wa ghala ni mtekelezaji. Nikaondoka na heshima yangu, kiasi kilichobaki.

Alikwenda kwa Mwenyekiti mara kadhaa. Kila mara Mwenyekiti alikuwa kikaoni, na mara moja kikao hicho kilisikika kikikoroma. Mwisho alimkuta uso kwa uso akishuka garini pamoja nami.

"Mtani wangu!" Bi Nuru akaita.

Hapa tena nifafanue. Zamani Wangoni na Wayao walipigana vita, kila upande unasimulia pale uliposhinda. Walipochoka wakawa watani. Mtani anaweza kukutukana, kukuchukulia kofia, kukukalia mkekani, na wewe huruhusiwi kukasirika. Mtani akikasirika, watu humwona kama mtoto wa kuokotwa. Na Bwana Josephu aliupenda utani sana. Mume wa Bi Nuru alipofariki, yeye ndiye aliyelala chali mlangoni, suti yake yote vumbini, akatangaza: "Jeneza halitoki mpaka nipewe jogoo!" Watu walicheka huku machozi yanawatoka, kama inavyotakiwa. Bi Nuru, na khanga ya eda kichwani, aliagiza akamatwe jogoo mkubwa mwekundu, jogoo pekee aliyekuwa naye, akampa. Maiti ikapita.

Lakini siku hiyo ya gari Mwenyekiti alitabasamu tu, akasema, "Mtani, utani ni utani na kazi ni kazi," akaingia ndani, mlango ukafungwa.

Bi Nuru aliutazama mlango ule. Kisha akanigeukia mimi. "Haya," akasema. "Zamu yangu bado."

Siku ya Mteremko ilifika mwishoni mwa Septemba, mabibo ya kwanza yakiwa yameanza kuiva. Uwanja wa shule ulipambwa. Mgeni rasmi alikuwa Dokta Veronika, mwakilishi wa wafadhili kutoka Dar es Salaam, mwanamke mwembamba mwenye tabia moja ya kutia wasiwasi: alisoma kila alichopewa, mpaka ukurasa wa mwisho. Siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa ya kipimo cha mwanzo cha robo mpya, kwa hiyo uwanja ulijaa wagonjwa waliokwisha vunja jungu, na Mohsinali alikuwa na meza mbili za halua kwa wale waliochelewa. Dokta Veronika aliuliza ile ni nini. Nikamwambia ni wadau wa sekta binafsi.

Nikasoma shairi langu. Kisha Mwenyekiti akaenda kwenye kipaza sauti. Alieleza kwamba kanda yetu imeshuka kuliko kanda zote nchini, na kwamba, kwa masikitiko, atamsoma mshiriki mmoja ambaye amekataa kushirikiana na maendeleo. Akafungua karatasi. Akageuka nyuma kuchukua miwani aliyoiacha mezani.

Kiti chake kilikuwa na mtu.

Bi Nuru alikuwa amekaa humo, khanga imetandazwa vizuri magotini, kati ya mgeni rasmi na chupa za maji. Alikuwa tayari ameivaa miwani ya Mwenyekiti.

"Mtani," akasema, na sauti yake haikuhitaji kipaza, "kiti hakitoki mpaka nipewe kidole!"

Uwanja ulilipuka. Wazee walijipiga mapaja kwa kicheko. Mwenyekiti naye alicheka, maana sheria ni sheria, ingawa jicho moja halikushiriki.

"Kidole gani, mtani?"

"Chochote. Unavyo kumi. Sisi mmetuchoma mwaka mzima. Leo mtani wangu achomwe hadharani nimuone anavyokunja uso. Wangoni si mashujaa?"

"Wangoni hawaogopi sindano!" akasema, akanyoosha mkono kwa Nesi Yustina kama mtu anayepokea nishani. Nesi Yustina alimchoma kwa nguvu kidogo kuliko kanuni zinavyotaka.

"Tano nukta moja," akasoma.

Makofi. Mwenyekiti akainua kidole chake chenye damu juu. "Mnaona? Hiyo ndiyo afya!"

"Hongera, mtani," akasema Bi Nuru. "Na Juni ulikuwa ngapi?"

"Tano!"

"Na Machi?"

"Tano! Mimi, mama, tangu nizaliwe ni tano. Sijapanda, sijashuka. Muulize Nesi, ananipima kila robo ofisini!"

"Ni kweli," akasema Nesi Yustina, na kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaona meno yake.

Dokta Veronika alikuwa ameshafungua kabrasha la kanuni. Alilamba kidole, akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Samahani, Mwenyekiti. Kifungu cha Saba. 'Mshiriki yeyote, awe mgonjwa au msimamizi.' Hii ni lugha yenu?"

"Ni lugha yangu mwenyewe," akajibu kwa fahari, kisha ile fahari ikaanza kumtoka usoni taratibu.

"Robo mbili hujaonyesha kushuka. Kwa kweli, hata robo tatu."

"Lakini mimi ni mzima!"

"Kifungu hakizungumzii uzima. Kinazungumzia kushuka." Alisema bila ubaya wowote, kama daktari anayetaja jina la dawa. "Unahesabiwa kuwa mzigo kwa mpango. Stahili zako ni... posho, kiti, na gari."

Kiti kilikuwa kimeshakaliwa. Mwenyekiti alitazama gari. Lilikuwa limeegeshwa chini ya kivuli, limeoshwa asubuhi ile.

Hapo ndipo mimi, kama mtekelezaji, nilipomkumbusha kwamba njia ipo. Kifungu cha Nane. Kumi au zaidi, siku hiyohiyo. Kamati iliahirisha sherehe kwa dharura ili kumpandisha Mwenyekiti.

Naomba ieleweke kwamba jitihada zilifanyika. Sahani ya kwanza ya halua aliila amesimama. Nesi Yustina akapima: sita na nusu. Sahani ya pili, na soda mbili. Saba. Wagonjwa wote wakamzunguka kwa ushauri wa kitaalamu, maana palikuwa na uzoefu mwingi pale uwanjani.

"Nkubwa, meza, usitafune!" akahimiza Mzee Sudi. "Ukitafuna inachelewa!"

"Mpe maji ya mabibo!"

"Asitembee! Akitembea inashuka!"

"Kula, mtani," akasema Bi Nuru kutoka kwenye kiti. "Panda! Sisi tuko chini tunakudaka."

Sahani ya nne Mwenyekiti aliila amefumba macho, jasho linamchuruzika hadi kwenye tai. Saba nukta nane.  Tukamwacha apumue. Akapimwa tena: sita nukta tisa.

"Imeshuka!" nikapiga kelele kwa furaha. "Dokta, imeshuka!"

"Lazima ipite robo mwaka kati ya kipimo na kipimo," akasema Dokta Veronika.

Hivi ndivyo ilivyokuwa. Mwili wa Mwenyekiti, ambao haukuwahi kuhudhuria semina, ulikataa kutekeleza. Kila alichoutupia ulikikusanya na kukificha kwa uaminifu, kama Mungu alivyouagiza, bila motisha yoyote. Alimtazama Mohsinali aliyekuwa anakuja na sahani nyingine, akatikisa kichwa. Midomo yake iling'aa mafuta. Akamwendea Bi Nuru, akainama.

"Mtani," akasema, na ile kengele haikuwamo tena katika sauti yake. "Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kupanda."

Bi Nuru akavua miwani. Utani ulikuwa umetoka usoni mwake.

"Wewe sahani nne zimekushinda, na una kongosho zima. Mimi langu lilikufa zamani. Barua yako ilinitaka nile hivyo hivyo, nipande, halafu nije kukuomba unirudishe. Ningepanda, baba. Ningepanda vizuri sana, mkaniandika kwenye Mafanikio, na wanangu wakanishusha wenyewe, kwenye sanda." Akamrudishia miwani. "Na safari hiyo ungetaka jogoo gani? Yule mwekundu ulishamla."

 Mzee Sudi alikuwa anatazama vidole vyake, vyenye alama nyingi.

Mwenyekiti aliomba kalamu. Nilimpa yangu. Alifuta Kifungu cha Saba kwa mistari miwili, sijui kwa majuto au kwa halua. Akauliza aandike nini mahali pake. Bi Nuru akamwambia: "Andika kwamba anayekaa pazuri, akabaki pazuri, huyo ndiye alipwe. Na dawa ya mtu isitegemee kifungu." Akaandika. Dokta Veronika akakisoma kifungu kipya mara mbili, akatia sahihi, kisha akamwita Nesi Yustina wakae pamoja waanze kurudia vipimo vya mwaka mzima. Wajumbe waliposikia hivyo walikumbuka shughuli zao mbalimbali.

"Kiti hicho, mtani," akasema Bi Nuru, akainuka, akapangusa pale alipokuwa amekaa.

Lakini Mwenyekiti hakuweza kukaa. Tumbo lilikuwa limeanza. Tulimwita dereva wa gari la mpango, naye akamtazama, akatazama viti vilivyofuliwa asubuhi, akasema ufunguo haumo mfukoni. Basi alipakiwa kwenye keria ya baiskeli ya Mzee Sudi. Binti ya Mzee Sudi alishika usukani, mimi nikashika mgongo wa kiongozi wangu. Tulipofika kwenye kona ya barabara alinishika shati.

"Idrisa," akanong'ona. "Ile saba nukta nane... imeandikwa?"

"Imeandikwa, Mwenyekiti."

Akafumba macho.

Taarifa hii ingekuwa na kasoro kama nisingetaja kwamba shairi langu limefanyiwa marekebisho. Bi Nuru alinisimamisha njiani siku ya pili, akaniambia mstari wa tatu hauna adabu. Nikamwambia kwa upole kwamba mashairi si ugali, yana mizani na vina, si kila mtu anaweza kuyagusa. Akasimama hapo hapo, kikapu kichwani, akasema:

Asopanda ashukeni, na mnazi hakushika?

Nilihesabu mizani kwa vidole, nikahesabu tena. Nane kwa nane. Vina vyote viko mahali pake. Nimeuingiza kama ulivyo, na naueleza umma kwamba ni matokeo ya mashauriano na wadau.

Mengineyo. Wiki iliyofuata Mwenyekiti alinituma kwa Bi Nuru na jogoo, kwa heshima ya utani na kumbukumbu ya marehemu. Bi Nuru alimpokea, akampima kwa kumning'iniza mkononi, akamgeuza huku na huku, akampapasa kifua.

"Mwambie mtani wangu asante," akasema. "Lakini mwambie yule wangu alikuwa jogoo hasa. Huyu ameshuka mno. Kwa kanuni zenu za zamani, angelipwa."